Kuhamisha Firefox na vichupo vyote kwenda kompyuta mpya

Jumamosi moja asubuhi, kabla sijamaliza kufagia kibaraza cha steshenari yangu hapa Morogoro, mwalimu mmoja mteja wangu alishuka kwenye bodaboda na mabegi mawili ya kompyuta, moja begani, jingine amelikumbatia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Leo sikuletei karatasi za kutoa kopi."

Akatoa kompyuta ya zamani, bawaba moja imekatika, kioo kimeshikiliwa na gundi ya karatasi. Akaiwasha akiwa ameushika mfuniko kwa mkono wa kushoto ili usianguke. "Nimenunua nyingine jana. Mafaili yangu ninayo kwenye flashi, hayo hayanisumbui. Ninachotaka ni hivi hapa juu." Akanyoosha kidole kwenye mstari wa vichupo (tabs) vya kivinjari chake cha intaneti, Firefox, vimebanana hadi kila jina limebaki herufi tatu nne, na vingine vimejificha nje ya skrini.

Tulipovihesabu vilikuwa 74, katika madirisha mawili. Mwalimu huyu anafundisha sekondari huku akisoma shahada ya uzamili, na kila kichupo ni makala aliyoifikia nusu au jedwali analotaka kulirudia. "Ukivipoteza hivi, mwanangu, umenirudisha muhula mzima nyuma."

Wateja wa namna yake wameongezeka dukani tangu Microsoft ilipoacha kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida ya bure, Oktoba 14, 2025. Watu wanabadilisha mashine, wanabeba picha na barua zao, halafu wanagundua wamesahau kivinjari. Kwa hiyo naandika hatua zile zile tulizopita siku ile na mwalimu, kwa utulivu, ili mtu aweze kuzifuata akiwa peke yake nyumbani.

Mimi mwenyewe jambo hili liliniumiza. Miaka michache nyuma nilikuwa namtafutia mpwa wangu shule. Mtoto ni kiziwi, na dada yangu hakuwa na nafasi ya kukaa kwenye intaneti, nikaibeba kazi ile mimi. Nilifikisha vichupo 31: shule zinazopokea watoto viziwi, ada, usafiri, masomo ya lugha ya alama, maelezo ya wazazi waliotangulia. Kompyuta ikaanza kujizima yenyewe. Nikanunua nyingine, nikatoa alamisho zangu (bookmarks, anwani za kurasa nilizohifadhi) kwenye faili moja la HTML nikidhani hiyo ndiyo Firefox yangu yote, na ya zamani nikampa fundi aisafishe aiuze. Nilipofungua ile mpya, alamisho zilikuwepo. Vichupo hakuna, historia hakuna. Kurudi kwa fundi, diski imeshafutwa. Shule nilizipata tena kwa kupiga simu moja baada ya nyingine, lakini kuna ukurasa wa mama mmoja aliyeeleza jinsi alivyomfundisha mwanawe ishara za kwanza nyumbani, na huo sijauona tena hadi leo.

Tangu hapo simhamishii mtu kitu kimoja kimoja. Firefox huweka kila kilicho chako ndani ya folda moja inayoitwa profaili: alamisho, historia, maneno ya siri, kuki (cookies, kumbukumbu ndogo za tovuti ulizoingia), viendelezi (extensions) na data zake, mipangilio, na vichupo vilivyo wazi. Beba folda hiyo nzima kama begi lililofungwa zipu, na huna haja ya kukumbuka umeacha nini.

Maneno ya kwenye menyu nitayataja kwa Kiingereza kama yanavyoonekana, maana mashine nyingi zinazoletwa dukani kwangu zimewekwa hivyo.

Kwenye mashine ya zamani, kabla ya kufunga chochote

Hapa ndipo vichupo vinapookoka au kupotea, kwa hiyo usikimbilie flashi.

Fungua Settings ya Firefox, sehemu ya General, na pale juu kabisa weka alama kwenye "Open previous windows and tabs". Mpangilio huu nao umo ndani ya profaili, kwa hiyo utasafiri pamoja na vingine, na Firefox kwenye mashine mpya itajua yenyewe kwamba inatakiwa kufungua ulipoachia.

Kisha nenda Privacy & Security, shuka hadi History. Kuna watu waliwahi kuambiwa wajilinde, wakaweka Firefox isafishe historia kila inapofungwa, na wamesahau. Kwa mtu huyo, kufunga Firefox ndiko kufuta vichupo. Kama alama hiyo ipo, iondoe kwanza. Tazama pia kama kuna dirisha la faragha lililo wazi, lile la rangi ya zambarau. Vilivyo humo havihifadhiwi popote. Unachokitaka kifungue upya kwenye dirisha la kawaida.

Halafu chukua akiba. Ukiwa kwenye dirisha la kwanza bonyeza Ctrl, Shift na D kwa pamoja. Firefox itakuuliza jina la folda, na itaweka vichupo vyote vya dirisha hilo kuwa alamisho ndani yake. Sisi tuliandika "Mwalimu dirisha la 1", tukarudia kwa dirisha la pili. Kazi ya sekunde thelathini. Hata mengine yote yakikwama, anwani 74 zipo, na siku yoyote utabofya folda ile kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua "Open All Bookmarks".

Utajiuliza kwa nini basi tusiishie hapo. Kwa sababu alamisho ni anwani tu. Kichupo kilicho hai kinakumbuka kurasa ulizopitia kabla ya kufika hapo, kwa hiyo mshale wa kurudi nyuma unafanya kazi, na mara nyingi kinakumbuka pia ulipofikia kusoma. Mwalimu alikuwa na makala ndefu aliyoiacha kwenye jedwali la nne. Alitaka airudie jedwalini, asianze kuitafuta tena.

Sasa tafuta folda. Kwenye sehemu ya anwani andika about:support ubonyeze Enter. Utaona jedwali refu, na ndani yake mstari wa "Profile Folder" wenye kitufe cha "Open Folder". Bofya. Folda inafunguka mbele yako.

Nasisitiza kitufe hicho kwa sababu wengi hupenda kuitafuta folda kwa mkono na hupotea. Kwenye Windows kuna folda mbili zenye jina lile lile la profaili: moja iko ndani ya AppData\Roaming, ambayo ndiyo yenyewe, na nyingine iko AppData\Local, ambayo ni ghala la muda la kurasa na picha. Ukifika folda ukaona ndani yake kuna cache2, uko Local, hapo hakuna chako. Tena Firefox iliyotoka Microsoft Store huhifadhi mahali pengine kabisa, na kwenye Ubuntu kuanzia 22.04 utaikuta chini ya folda ya snap. Kitufe cha about:support hakijali hayo yote, kinakupeleka penyewe.

Folda ikiwa wazi, iache hivyo hivyo skrinini, rudi Firefox, uifunge kupitia menyu ya mistari mitatu, chagua Exit. Au bonyeza Ctrl, Shift na Q. Usifunge madirisha moja moja kwa alama ya X. Mwalimu alikuwa na mawili. Ukifunga la kwanza kisha la pili, Firefox inahesabu kwamba kikao chako kilikuwa lile la mwisho pekee, na vichupo vya lile la kwanza havitajifungua vyenyewe. Exit inayafunga yote kwa mpigo mmoja.

Nilimwambia mwalimu aitazame folda wakati nafunga. Sekunde chache baadaye faili jipya likatokea kwenye orodha: sessionstore.jsonlz4, karibu KB 400. "Hivyo ndivyo vichupo vyako, mwalimu," nikamwambia. Akainama karibu na kioo akalisoma jina lake herufi kwa herufi.

Firefox ikiwa wazi, faili hilo halipo. Kumbukumbu ya vichupo inaandikwa kila sekunde 15 ndani ya folda ya sessionstore-backups, kwenye faili liitwalo recovery.jsonlz4, na mafaili mengine nayo yanakuwa bado yanaandikwa. Ukinakili wakati huo unaweza kubeba alamisho iliyokatwa katikati ya sentensi. Subiri sessionstore.jsonlz4 itokee. Ikichelewa, fungua Task Manager uhakikishe Firefox haijabaki ikifanya kazi chini chini.

Mengine utakayoyaona humo: places.sqlite ni alamisho na historia kwa pamoja. logins.json na key4.db ni maneno ya siri, la kwanza likiwa sanduku na la pili ufunguo wake, na moja bila jingine halikusaidii kitu. cookies.sqlite ndilo linalokufanya usiulizwe kuingia upya kila mahali. prefs.js ni mipangilio. Folda ya bookmarkbackups ina nakala za alamisho za siku zilizopita, hadi 15. Huna haja ya kuchagua. Bonyeza Ctrl na A, chukua vyote.

Njiani, kwenye flashi

Naomba usome sehemu hii hata kama una haraka.

Folda uliyoishika sasa hivi ni wewe. Mtu akiiokota flashi hiyo akaiweka kwenye Firefox yake, ataingia kwenye barua pepe yako bila kuulizwa neno la siri, na maneno yako mengine yote atayasoma yakiwa wazi. Firefox yenyewe haiyafungi kwa kufuli mpaka wewe uweke "Primary Password" kwenye mipangilio, na hata ukiiweka inalinda maneno ya siri tu. Kuki haizilindi.

Kwa hiyo mimi huwa naifunga folda nzima kwa 7-Zip, programu ya bure ya kubana na kufunga mafaili: chagua vyote, bofya kitufe cha kulia, "Add to archive", andika neno la siri, weka alama kwenye "Encrypt file names". Linatoka faili moja. Neno la siri namwachia mteja aliandike mwenyewe, nageuka pembeni. Kuna faida ya pili: profaili ina mafaili madogo madogo maelfu, na flashi za kawaida zinayanakili kwa taabu. Faili moja kubwa linapita haraka zaidi.

Na tafadhali usijitumie folda hii kwa WhatsApp wala barua pepe, na usiiache kwenye kompyuta ya kulipia ya intaneti kafe.

Kwenye mashine mpya

Sakinisha Firefox ya toleo jipya kutoka kwenye tovuti ya Mozilla, watengenezaji wake. Usitumie kisakinishi cha kwenye flashi uliyopewa na jirani. Tangu Firefox 67 ya mwaka 2019, kivinjari kinakataa kufungua profaili iliyokwisha kutumiwa na toleo jipya zaidi yake. Kinakuambia umefungua Firefox ya zamani na kinakutaka utengeneze profaili mpya. Mteja mmoja aliletwa kwangu akilia kwamba kila kitu kimefutwa, kumbe hakuna kilichofutwa: fundi alimwekea Firefox ya miaka mitatu nyuma. Tulisasisha, tukafungua tena, vyote vikarudi. Kutoka toleo la zamani kwenda jipya hakuna shida, kwa hiyo hata aliyekwama na Windows 7, ambayo Firefox ya mwisho kuipokea ni ile ya ESR 115 (toleo la kudumu muda mrefu), anaweza kubeba profaili yake hadi Windows 11.

Fungua Firefox mpya mara moja ili ijitengenezee profaili yake tupu. Nenda tena about:support, "Open Folder". Funga Firefox kwa Exit. Ndani ya folda iliyofunguka, chagua vyote ufute. Folda yenyewe usiifute wala usiibadilishe jina, maana Firefox inalijua jina hilo, herufi nane za ovyo ovyo zikifuatwa na .default-release. Kisha fungua faili lako la 7-Zip na umimine vilivyomo humo.

Hapa kuna kosa ambalo nimeliona mara nyingi: mtu anabandika folda ndani ya folda. Ukitazama ndani ya profaili mpya ukaona folda moja tu, nayo ina jina la herufi za ovyo kama la ile ya zamani, umeingiza begi ndani ya begi. Ingia ndani yake, toa vyote, vipandishe ngazi moja. places.sqlite na sessionstore.jsonlz4 zinatakiwa uzione mara tu unapofungua folda.

Kama umeshaitumia mashine mpya wiki nzima na una alamisho humo hutaki zipotee, usifute kitu. Andika about:profiles, bofya "Create a New Profile", ipe jina, na mimina vitu kwenye folda ya hiyo mpya. Utabaki nazo zote mbili, na utachagua ipi ifunguke kwa kawaida.

Washa Firefox.

Kwa mwalimu madirisha yote mawili yalijitokeza kwa pamoja, vichupo vikijipanga kushoto kwenda kulia kama alivyoviacha. Alishika mdomo. Halafu papo hapo akauliza swali ambalo kila mteja huuliza: "Bando langu si litaisha? Vyote hivi vinafunguka sasa hivi?"

Havifunguki. Firefox inaonyesha majina tu, na ukurasa unapakuliwa pale unapoubofya. Kile kilicho mbele ya kila dirisha ndicho kinachotangulia. Isipokuwa vile ulivyovibandika, vile vidogo vya kushoto visivyo na jina: hivyo hupakuliwa papo hapo kila unapowasha. Mwenye bando la kuhesabu na ana vitano vya namna hiyo vyenye video, avibandue kabla ya kufunga mashine ya zamani.

Iwapo Firefox imefunguka na ukurasa mtupu mmoja, usianze kuzunguka kwenye tovuti. Nenda kwenye menyu, History, "Restore previous session". Kama hakuna kitu, funga, rudi kwenye folda, tazama kama sessionstore.jsonlz4 kweli ipo na ina ukubwa wa maana. Akiba ipo kwenye sessionstore-backups: faili la previous.jsonlz4 ni kikao cha kabla ya hicho. Linakili, lilete nje kwenye profaili, lipe jina sessionstore.jsonlz4, jaribu tena, Firefox ikiwa imefungwa muda wote huo. Ndiyo maana usifute chochote kwanza kwenye mashine ya zamani.

Mambo mawili madogo yatakusumbua baadaye. Kama jina la mtumiaji kwenye Windows mpya si lile la zamani, huenda Firefox bado inatafuta folda ya kupakulia isiyokuwepo. Nenda Settings, General, Downloads, uichague upya. Na tovuti za benki pamoja na baadhi ya mifumo ya ofisi zitakuuliza uingie tena hata kama kuki zimekuja. Hilo ni la kawaida.

Anayetumia Chrome au Edge

Njia ya begi zima haimfai, na ni vizuri ajue sababu asije akaamini amebeba vyote. Chrome nayo ina folda ya profaili, utaiona ukiandika chrome://version kwenye mstari wa "Profile Path". Lakini kwenye Windows maneno ya siri na kuki zimefungwa kwa ufunguo uliounganishwa na akaunti ya Windows ya mashine ile ile, na tangu Chrome 127 mwaka 2024 kuki ziliongezewa kufuli jingine. Ukihamishia folda kwenye mashine nyingine, hayo hayafunguki. Ni ulinzi dhidi ya wezi, na unamzuia mwenyewe pia.

Basi kwa Chrome washa usawazishaji (sync) kwenye mashine ya zamani kwa akaunti yako ya Google, subiri, kisha ingia kwa akaunti hiyo hiyo kwenye mpya. Alamisho, maneno ya siri na viendelezi vitakuja. Vichupo havitajifungua vyenyewe: nenda chrome://history/syncedTabs utaona orodha ya vilivyo wazi kwenye mashine ya zamani, uvifungue kutoka hapo. Kabla ya yote hayo bonyeza Ctrl, Shift na D, inafanya kazi ile ile ya kuviweka vyote kwenye folda ya alamisho. Edge inakwenda kwa mtindo huo huo, kwa akaunti ya Microsoft.

Asiyetaka akaunti anaweza kutoa maneno ya siri kwenye faili la CSV na alamisho kwenye HTML, akayaingiza upande wa pili. Faili hilo la CSV ni maandishi matupu. Yeyote akilifungua kwa Notepad anasoma kila kitu. Likishaingizwa, lifute hapo hapo, kwenye mashine zote mbili na kwenye flashi, kisha safisha na Recycle Bin.

Hata Firefox ina usawazishaji wake kwa akaunti ya Mozilla, na mimi huutumia kati ya simu na kompyuta. Data zake zimefungwa kiasi kwamba hata seva haiwezi kuzisoma. Sababu ya kutoutegemea siku ya kuhama ni kwamba hauleti kuki, mara nyingi hauleti data za ndani za viendelezi, vichupo unavipata kama orodha ya mashine nyingine, na ukisahau neno la siri ukaliweka upya bila kuwa na ufunguo wa kurejesha akaunti, kilichokuwa kwenye seva kinafutwa. Kama mashine yako ya zamani wakati huo imeshauzwa, hakuna pa kukitoa tena. Pia mwalimu alikuwa na bando la siku moja.

Kama mashine ya zamani haiwaki

Usikate tamaa, diski mara nyingi ni nzima. Mwombe fundi aitoe aiweke kwenye kasha la USB, aichomeke kwenye mashine mpya. Mwambie kabla hajaigusa kwamba hutaki iformatiwe, na ukae hapo hapo akifanya. Kwenye File Explorer fungua View uruhusu "Hidden items", maana AppData imefichwa. Ingia Users, jina lako, AppData, Roaming, Mozilla, Firefox, Profiles. Ukikuta profaili mbili, yako ni ile ambayo places.sqlite yake ni kubwa na ina tarehe ya siku mashine ilipozimika.

Kwa kuwa Firefox haikufungwa vizuri, sessionstore.jsonlz4 huenda haipo. Ingia sessionstore-backups, chukua recovery.jsonlz4, nakala yake ilete nje na uipe jina hilo. Kumbuka inaandikwa kila sekunde 15, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla unapoteza dakika robo tu ya kazi yako. Kama diski inadai ufunguo wa BitLocker, yaani kufuli la Windows la kulinda diski, tafuta ufunguo huo kwenye akaunti ya Microsoft iliyokuwa imeingizwa kwenye mashine ile.

Mashine ya zamani ifanyweje

Mwalimu alitaka kuiacha dukani siku ile ile nimtafutie mnunuzi. Nikamwomba aende nayo nyumbani. "Iweke kabatini wiki mbili, mwalimu. Fanya kazi zako zote kwenye hii mpya, fungua kila kichupo angalau mara moja, ingia kila unapoingiaga, hata kule kwenye matokeo ya wanafunzi unakokwenda mara moja kwa mwezi. Ukikuta pengo, tunarudi kuchukua." Faili la 7-Zip tulilifuta kwenye flashi mbele yake, kisha tukaiformati flashi yenyewe.

Baada ya wiki mbili alirudi nayo. Hakukuwa na pengo. Tulitoka kwenye akaunti zote, tukaingia Settings ya Windows, Update & Security, Recovery, "Reset this PC", "Remove everything", na ndani ya "Change settings" tukawasha "Clean data" ili diski ifutwe kwa undani, jambo linalochukua saa kadhaa, kwa hiyo ichomeke kwenye umeme. Ilimaliza saa kumi jioni, ikionyesha ukurasa wa kuchagua lugha kama mashine iliyotoka dukani, na mwalimu akaniachia nimtafutie mnunuzi.